Hadithi za Saa Kumi, Wodi ya Kifua

6 Machi

Nimefika. Wodi ya kifua iko mwisho kabisa wa uwanja wa hospitali, nyuma ya chumba cha kufulia, kana kwamba hata jengo lenyewe limeambiwa likakohoe mbali. Vitanda ni sita, vitatu upande huu na vitatu upande ule. Madirisha hayafungwi, inyeshe isinyeshe, kwa sababu hewa lazima ipite. Mimi ni kitanda cha tano. Sindano nilianza kuchomwa mwezi uliopita katika hospitali ndogo ya kwetu. Hapa nitakaa mpaka makohozi yaseme nimepona.

Sista mkuu ni mwanamke mrefu. Sijaona uso wake, nimeona macho tu juu ya barakoa. Alinipa kikopo chenye mfuniko pamoja na masharti saba, akaondoka kabla sijauliza lolote.

Mwanangu nimemwacha kwa mama. Ana miaka mitano na anadhani nimekuja kushona nguo za madaktari.

Daftari hili ni la vipimo vya wateja. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Nimeligeuza, naandika kuanzia nyuma. Nikikifikia kiuno cha mwalimu mkuu, itabidi nitafute jingine.

7 Machi

Mvua. Sindano. Uji.

9 Machi

Wa kitanda cha tatu ana watoto pacha, kwa hiyo wodi nzima inamwita Mama Pacha. Kwa kawaida anacheka kabla hajamaliza anachosema. Leo hakucheka. Alinielekeza kwa kidevu kitanda cha sita, jirani yangu, alikolala bibi mmoja mkulima wa vitunguu, mifupa mitupu chini ya shuka.

"Dada fundi, kile kitanda hakirudishi mtu. Tangu nije wamelala watatu. Wote wametoka miguu mbele."

"Na kabla yao?"

"Kabla yao sikuwepo. Liulize godoro."

Kati ya kitanda changu na kile kuna hatua mbili. Nimezipima kwa macho mara nyingi mno leo.

12 Machi

Sasa najua watu hapa wanafanya nini saa kumi alasiri. Wa kitanda cha nne, jirani yangu wa upande wa pili, ni mama wa makamo aliyekuwa mhazili mahakamani. Ana kitabu kinene kisicho na jalada, hadithi za kutisha za zamani: majumba makubwa, maiti wasiotulia, wake waliofungiwa. Kila siku baada ya vidonge anavaa miwani na kusoma kwa sauti. Wote wananyamaza, hata mtu na wifi yake wa kitanda cha kwanza na cha pili, ambao hugombana tangu asubuhi kuhusu nani alianza kukohoa.

Leo alisoma ya mtu aliyesikia mkono ukikwaruza kutoka ndani ya jeneza. Nilijifunika mto kichwani. Watu tunaozikwa mmojammoja, halafu tunasomeana habari za makaburi! Nilimnong'oneza, "Bi Mhazili, huna kingine?" Hakunijibu. Hata kichwa hakugeuza. Ana maringo, mama yule.

13 Machi

Mvua. Mama alipiga simu kwa Sista. Mtoto hajambo.

17 Machi

Bibi wa vitunguu amefariki saa nne asubuhi, mchana kweupe, wakati tunakunywa chai. Hakupiga kelele. Alikohoa kama mtu anayetaka kusema jambo, kisha Sista akavuta pazia la magurudumu. Baadaye wakaja wanaume wawili na machela. Godoro lilipaswa kuanikwa juani, lakini jua halipo, basi likaegemezwa ukutani palepale, likitutazama.

Nilidhani hakutakuwa na hadithi. Lakini ilipofika saa kumi, Mama Pacha mwenyewe, aliyelia mpaka kope zikavimba, alisema, "Mama, soma. Na iwe mbaya kabisa."

Ikawa mbaya kabisa. Mtu mmoja alikuwa akimwona marehemu mkewe akimsogelea hatua moja kila jioni, kutoka mwisho wa bustani hadi dirishani. Sikujifunika mto leo. Niliwatazama wenzangu. Mikono iliyokuwa imeng'ang'ania shuka tangu asubuhi ililegea kidogo kidogo. Wifi alisogea kwenye kitanda cha wifi yake. Mzimu ulipogonga kioo, tulipiga ukelele sote watano tuliobaki, mimi mmoja wao, kisha tukacheka mpaka tukakohoa. Sista alifungua mlango kwa nguvu.

"Mnajipandisha homa wenyewe! Mtu kafa leo humu."

"Ndiyo maana, Sista," alisema Mama Pacha.

Usiku nililala fofofo, mara ya kwanza tangu nije.

20 Machi

Nilimfuata Mhazili pale anapooshea miwani yake, nikasimama mbele yake nikamuuliza anapenda nini katika hadithi hizi. Aliniangalia mdomo kwa muda, kisha akajibu vizuri kabisa, wala hakuringa.

"Nimekaa mahakamani miaka ishirini na sita, napiga chapa maneno ya mashahidi. Hofu ya kweli haina mpangilio, mwanangu. Inaanzia katikati, inakatika, inarudi kukiwa na wageni. Nikifika nyumbani nilitaka hofu iliyopanga foleni. Humu kitabuni najua mtu ataanza kuogopa ukurasa wa tatu, atakufa ukurasa wa kumi na mbili, na mimi nitafunga kitabu ninywe uji."

"Na sisi je? Tuko ukurasa wa ngapi?"

Akacheka. "Hilo ndilo linalotutesa, si kifo. Kutojua ukurasa."

24 Machi

Leo nimesikia kengele. Ndogo, ya mbali, kama ile ya kuwaita watoto darasani. Nilifurahi, nikamwuliza Mama Pacha kama kuna shule karibu.

"Shule? Nyuma yetu kuna karakana na makaburi. Kengele gani?"

"Hiyo."

Alitega sikio. Akanitazama. Nikasema labda ni maji kwenye mfereji.

25 Machi

Ipo.

28 Machi

Nikiziba masikio inazidi. Kwa hiyo haiko nje.

Leo ni Alhamisi. Kila Alhamisi Sista hupita na karatasi yake: "Macho? Kizunguzungu? Masikio?" Nilimjibu, "Salama, Sista." Aliandika. Alisimama kidogo, kalamu juu, kama anayengoja niongeze neno, kisha akaenda kwa Mhazili. "Masikio?" Mhazili naye akasema salama.

Niandike hapa kwa nini nilidanganya, maana siwezi kumwambia mtu. Marehemu kaka yangu alianza hivihivi, kwa kusikia. Alisikia redio kwenye ukuta. Alituambia, mjinga wa Mungu, alituambia sote mezani akidhani tutamsaidia. Ndani ya wiki alikuwa amefungwa kamba nyumba ya nyuma, na hakutoka tena akiwa yeye. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nilipeleka chakula, nikakisukuma kwa mti.

Na kuna kitanda cha sita. Hakijapata mtu. Anayelalamika ndiye husogezwa huko. Hilo kila mtu analijua.

2 Aprili

Mvua siku ya tano bila kupumzika. Ukuta umeota ukungu wa kijani.

Mhazili ameanza hadithi ndefu. Bibi harusi analetwa katika jumba la mumewe. Siku ya kwanza anasikia mtu akifagia chumba cha juu: fya, fya, fya. Lakini chumba cha juu hakina ngazi wala mlango. Mume ni mpole. Anamwuliza mkewe, "Umelalaje?" Naye anajibu, "Vizuri."

"Mjinga!" alipayuka Mama Pacha. "Mwambie mumeo!"

"Atamwona kichaa," alisema mtu wa kitanda cha kwanza.

"Na akae kimya afagiliwe mpaka lini?"

Wodi ikagawanyika. Mimi nilijifanya nakunja shuka. Mhazili alifunga kitabu: kesho ataendelea.

3 Aprili

Hakuendelea. Ana homa. Saa kumi ilipofika tulikaa tukitazamana kama abiria waliokosa gari.

4 Aprili

Alhamisi. "Masikio?" "Salama, Sista."

Kengele zimekuwa mbili.

9 Aprili

Nisamehewe mwandiko, daftari limelowa.

Bati la juu ya kitanda changu limetoboka. Saa tatu asubuhi maji yalinimwagikia kifuani kama ndoo. Sista alikuja, akatazama dari, akatazama wodi, akasema maneno ambayo niliyangoja tangu siku ya kwanza:

"Fundi, hamia kitanda cha sita."

"Siendi."

"Unataka kulala kwenye bwawa?"

"Nitalala chini. Nitalala kwenye kiti, Sista, tafadhali."

"Kwa kifua hicho? Inuka." Alichukua mto wangu mwenyewe, akauweka kule. Mama Pacha alianza kulia kwa sauti, kama tuko matangani tayari. Nilivuka zile hatua mbili nikiwa nimeshika kikopo changu. Shuka lilikuwa safi, linanukia dawa. Katikati ya godoro kuna bonde. Mwili wangu ulilijaza sawasawa. Mimi napima watu kwa kazi, najua kitu kinapomkaa mtu, na kitanda kile kilinikaa kama nilishonewa.

Mchana nimemwandikia mama barua. Nimemweleza cherehani apewe nani, mtoto asome wapi. Nimemwomba asimwambie mtoto habari za mjomba wake, wala habari zangu zikifanana na zake. Kengele zinalia kila ninapoandika neno mtoto. Najua si kweli. Lakini zinalia.

10 Aprili

Bado nipo. Kila mtu ananisemesha kwa upole wa kuchukiza.

11 Aprili

Sista aliikuta barua chini ya mto alipokuja kutandika. Hakuifungua, bahasha ilikuwa na neno Mama na ilimtosha. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo sijaona akilifanya.

"Mama Pacha amekuambia kitanda hiki kinaua."

Niliivuta barua, nikaiweka kifuani.

"Geuka. Unaona nini ukutani?"

Nikageuka. Mtungi wa hewa, mpira wake, saa yake. Meza ya wauguzi iko umbali wa mkono. Mwezi mzima nimekitazama kitanda hiki, sikuwahi kutazama nyuma yake.

"Akizidiwa mtu namleta hapa ili nimwone. Nisimpoteze kwa sababu nilikuwa mbali. Wengine nawapoteza hata hivyo." Macho yake yalikuwa mekundu juu ya barakoa. "Kitanda hakina kosa. Kama mnamtafuta mwenye kosa, mimi ndiye ninayewaleta."

Nikamwona, kwa mara ya kwanza, kuwa ni mtu aliyechoka. Ilikuwa nafasi yangu. Ilikuwa Alhamisi pia. Akauliza, "Masikio?" Nikasema salama. Sijui ni shetani gani alinishika ulimi.

14 Aprili

Naandika kirefu leo, maana leo ndipo mambo yalipopasuka.

Mhazili amepata nafuu. Saa kumi alivaa miwani, akaturudisha kwenye jumba. Bibi harusi sasa anasikia ufagio mchana na jioni. Amekonda. Mume anamwuliza, daktari wa mumewe anamwuliza, hata mpishi anamwuliza: una nini, bibi? Naye anajibu kila mmoja, "Sina kitu." Ufagio umeshuka. Uko nyuma ya ukuta wa chumba chake, kisha nyuma ya kabati, kisha nyuma ya kioo anapochania nywele. Usiku ule mume anamshika mikono miwili, anamwambia, "Chochote kile, nitakiamini." Bibi harusi anafungua kinywa.

"Sema!" Mama Pacha alikuwa amepiga magoti kitandani.

"Sema!" wifi wote wawili, kwa mara ya kwanza wamekubaliana jambo.

Mhazili akasoma, polepole: "Akasema: Sina kitu, mume wangu. Ni baridi tu."

Nikasikia mtu akipiga kelele, "Sema, mwanamke! Sema, utakufa na siri yako kwa sababu gani!" Sauti ilikuwa kubwa kuliko zote, na ya ajabu, kama inatoka ndani ya mtungi. Wote walinigeukia. Ilikuwa yangu.

Mhazili alipindua ukurasa, akanyanyua kitabu tuone. Hapakuwa na zaidi. Kurasa za mwisho zilichanika zamani. "Mwisho wake siujui," alisema. "Kila mara nafika hapa hapa." Ghasia zikaanza. Mama Pacha alisema mfagiaji ni mama mkwe, hakuna haja ya kurasa. Walicheka. Kisha wifi mmoja akasema kwa kupaza, mkono sikioni, "Mvua hii! Mtu hasikii hata mwenzake!"

Nilitazama dirishani. Maji yalikuwa yanaanguka kama kamba. Juu ya bati lile lililotoboka mvua ilikuwa inapiga, niliona bati likitetemeka. Na mimi niliisikia kama inanyesha kwa jirani, nyumba ya tatu.

Hofu ya kengele ilikuwa hofu ya kuongezewa kitu. Hii ilikuwa ya kunyang'anywa. Nilishuka kitandani. Meza ya Sista iko umbali wa mkono, lakini ilinichukua muda.

"Sista, nasikia kengele. Na mvua siisikii vizuri."

Aliweka kalamu chini. "Tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu." Alifumba macho. "Kila Alhamisi nimekuuliza. Unadhani nilikuwa nauliza kwa kupenda kuuliza? Ni sindano! Dawa hii inakula masikio ya watu, mama. Ikishakula hairudishi. Ningeisimamisha siku ile ile."

"Nilidhani ni kichwa. Nilidhani nina wazimu, kama kaka."

Alitaka kunigombeza zaidi, nililiona lile neno likija. Halikutoka. Alinishika bega, akaenda mbio kwenye mvua bila mwavuli kumtafuta daktari.

15 Aprili

Wamenivalisha vipokea sauti vya masikioni katika chumba kisicho na dirisha. Ukisikia mlio, bonyeza. Nilibonyeza, nikangoja, nikangoja. Nilipotazama nyuma ya kioo, daktari alikuwa bado anazungusha kitufe chake. Milio ilikuwa inalia. Sikuwa naipata.

Sauti za juu zimeondoka, alisema: ndege, filimbi, mtoto anaponong'ona. Za katikati zipo bado. Sindano imesimamishwa leo, nitapewa vidonge vingine. Nilimwuliza kama itaishia hapo. "Tutapima tena baada ya wiki mbili," alisema. Nilimwuliza tena. Alijibu yale yale.

16 Aprili

Mvua. Naiangalia.

19 Aprili

Kila asubuhi nasugua kidole na kidole karibu na sikio, kulia, kushoto. Nasikia. Kesho je?

21 Aprili

Nilitaka kumshukuru Mhazili kwa ile hadithi. Alikuwa amelala chali, macho wazi. Nilisimama upande wangu, kushoto kwake, nikasema, "Bi Mhazili, umeniokoa." Kimya. Nikarudia kwa sauti ya kawaida. Kimya. Nikazunguka kitanda, nikasema nikiwa upande wa kulia. Akashtuka: "Ee, fundi! Umekuja lini?"

Mwezi na nusu nimemwita mwenye maringo.

Niliinama mpaka nikawa karibu kabisa. "Mama, hilo sikio la kushoto lina muda gani?"

Uso wake ulibadilika. Alitazama meza ya Sista. "Ni uzee."

"Si uzee. Ndiyo maana unatusomea. Ukisoma wewe, huna haja ya kutusikia."

Alinishika kifundo cha mkono. Ana vidole vya mpiga chapa, vina nguvu. "Zimebaki sindano za wiki tano. Tano tu. Nikisema, wataanza kubadilishabadilisha dawa, na mimi nimeshafika mlangoni. Nimelala humu miezi saba. Usinisemee, mwanangu. Nakuomba kama ningemwomba binti yangu."

"Na la kulia je?"

Hakujibu. Na safari hii alikuwa amesikia.

22 Aprili

Sikulala. Nani amenifanya mlinzi wa masikio ya mtu mzima? Amenipita kwa umri, kwa elimu, kwa kila kitu. Ameniomba. Na mimi nilipokuwa kwenye shimo lile, mtu angenisemea, ningemchukia mpaka kaburini.

Lakini ningemtukana nikiwa bado na masikio yangu.

23 Aprili

Nimemwambia Sista.

25 Aprili

Wamempima. La kushoto limekufa. La kulia limepungua, ila limewahiwa. Sindano zimesimamishwa. Daktari anasema dawa mpya zitamweka wodini miezi mitatu zaidi.

Alirudi akiwa ameshika ukuta. Alipita mbele ya kitanda changu. "Asante, karani wa mahakama," alisema, akalala akanipa mgongo.

27 Aprili

Hakuna hadithi.

28 Aprili

Hakuna. Mtu na wifi yake wamegombana mpaka Sista akawatenganisha. Mama Pacha ananiambia nilifanya vizuri, lakini ananiambia kwa kunong'ona, na mimi minong'ono siipati tena, kwa hiyo ilibidi arudie kwa sauti na Mhazili akasikia.

1 Mei

Vipimo vyangu vya masikio: pale pale palipokuwa. Haijaendelea kula. Nilikaa kwenye ngazi ya chumba kile nikalia mpaka mfagiaji wa hospitali akaniuliza kama nimefiwa.

2 Mei

Sista alinisimamisha mlangoni. Alivuta barakoa chini kidogo tulipokuwa nje kwenye hewa. Ana mwanya, na ni mdogo kuliko nilivyodhani.

"Kwa nini hasomi?"

"Amenikasirikia."

"Hm." Alitazama mvua. "Mimi hula chakula changu cha mchana saa kumi. Pale, nyuma ya mlango. Tangu mwaka jana." Kisha, kwa ukali wa kawaida, "Usimwambie mtu."

5 Mei

Siku ya kumi bila kusemeshwa. Mvua imepungua, imekuwa manyunyu tu. Kitanda cha tano wamekirudisha baada ya kuziba bati, lakini nimebaki cha sita. Mtungi wa hewa hauniogopeshi tena, na kile cha tano kimepewa msichana aliyeletwa jana. Hajasema neno. Anakumbatia mkoba wake na kutazama mlango. Kila akikohoa anatazama kitambaa, kisha anakificha haraka.

Saa kumi ilipofika Mhazili aliketi. Alimtazama yule msichana kwa muda mrefu. Akatoa kitabu chini ya mto, akakipapasa, akavaa miwani, akaivua.

"Fundi."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Wewe uliyenisemea. Mimi mwenyewe sauti yangu siipimi tena, leo asubuhi nimempigia kelele mwenye uji. Njoo usome wewe." Alipiga kidogo ukingo wa kitanda chake. "Pita huku kulia."

Nilibeba kiti, nikazunguka. Bado hakunitazama. Alifungua ukurasa mwenyewe, akaniwekea kidole kwenye mstari. Mtu amerithi nyumba ya baba yake wa kambo. Anashuka ghalani chini ya ardhi na mshumaa mmoja, kwa sababu amesikia kule chini mtu akiita jina lake la utotoni. Nilisoma kwa sauti kubwa, nikihisi maneno kifuani zaidi ya masikioni. Mlango wa wodi ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Msichana mpya alikuwa amegeuza uso kutoka mlangoni, akatutazama sisi, shuka mpaka puani.

"Asishuke!" alisema ghafla. Sauti nyembamba, nilipata nusu yake tu.

Mhazili aliweka kiganja nyuma ya sikio la kulia, akanigeukia. "Amesema nini huyo?"

"Anasema asishuke."

"Mwambie lazima ashuke. Tuko naye." Akagonga ukurasa kwa kidole. "Endelea, mwanangu. Na usikimbie, ngazi ni nyingi."